Vitabu vitano vilivyopanda basi la Moshi

Krismasi ya 2023 nilimpelekea mpwa wangu Brayson kitabu cha shilingi 18,000, jalada linang'aa, simba wa dhahabu juu yake. Tarehe 28 Desemba nilikiona tena. Kurasa tatu zilikuwa tiara zimenasa kwenye migomba ya bibi yake, nyingine zimefungiwa karanga, na jalada mbwa alikuwa amelilalia. Sikumlaumu mtoto. Niliokota lile jalada, nikapitisha kidole kwenye mgongo, gundi ikabanduka yote kama ukoko wa ugali. Hapo nikajilaumu mwenyewe, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nafunga vitabu. Nina miaka 19 kwenye karakana ya uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam, na bado nilikuwa nimenunua kitabu kama mtu anayenunua keki, kwa macho tu.

Kwa hiyo Desemba ya 2024 nilienda madukani kama fundi. Nyumbani Marangu watoto walikuwa wananisubiri watano: Aika wa miezi 11, Glory wa miaka minne, Brayson ambaye sasa ana saba, Ndeshi wa kumi na Elia wa 14. Glory na Elia ni wa kaka, hao waliobaki ni wa dada. Ninachoandika hapa ni jinsi nilivyonunua na jinsi vitabu vyenyewe vilivyofanya kazi, kwa sababu nimekaa nao wiki mbili nikiangalia.

Nilianza na duka moja kwenye jengo kubwa la maduka, silitaji jina. Kila kitabu kimevikwa nailoni. Nikamuuliza binti wa pale kama naweza kufungua kimoja nione ndani. "Kaka, ukifungua umenunua." Nikavitazama kwa nje: theluji, kulungu wenye pua nyekundu, watoto wenye glavu. Vya watoto wadogo vilianzia 30,000. Nikamshukuru nikatoka. Kitabu cha mtoto kisichofunguliwa dukani sikinunui, hata kiwe kizuri namna gani, na nitaeleza kwa nini.

Kurasa hazichapwi mojamoja. Inachapwa karatasi kubwa, inakunjwa, mara nyingi inatoa kurasa 16, kisha mikunjo hiyo inapangwa na kuunganishwa. Vitabu vyembamba vya picha, vile vya kurasa 24 au 32, hupigwa pini katikati. Vinene hupakwa gundi au hushonwa kwa uzi. Cha gundi, kabla ya kupakwa, mgongo wa mikunjo hukatwa na kukwaruzwa, kwa hiyo kila karatasi inabaki imeshikwa na ile gundi peke yake. Gundi ikiwa hafifu, ukikifungua katikati kwa nguvu kidogo unasikia "krak". Sauti hiyo ukiisikia dukani, kirudishe rafuni taratibu. Cha uzi hakisemi kitu. Ukifunua katikati ya mkunjo utauona uzi wenyewe umelala pale, na ukurasa wake hautoki mpaka mtoto auchane kwa makusudi. Cha pini nacho si kibaya, ila pini za bei rahisi hushika kutu, hasa kwetu huku pwani, na ncha zake zikibaki wima zinachoma vidole. Mimi huzilaza kwa mgongo wa kijiko.

Barabara ya Samora nilikuta hali tofauti. Lile duka la TPH limebeba jina la Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1966, na mpaka leo ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama, akafungua, akasoma kurasa mbili, akafunga, akafungua kingine, bila mtu kumkohoa mgongoni. Rafu ya Kiswahili ya watoto si kubwa. Ila ipo, haijafichwa nyuma ya madaftari. Nilikaa karibu saa nzima. Baadaye nikashuka kwa wazee wa vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya barabara, ambako bei ni maneno yako na yake.

Sasa watoto wenyewe.

Aika alinisumbua kuliko wote. Mtoto wa miezi 11 hasomi, anakula. Anahitaji kurasa nene za kadi bodi, na madukani nilikopita vya namna hiyo vyote vilikuwa vya Kiingereza na vimechapwa China. Nikaamua kutengeneza. Novemba nilipokwenda kwenye kipaimara cha Elia nilikuwa nimepiga picha pale nyumbani kwa simu: bibi, jogoo, mgomba, sufuria ya mtori, kandambili za babu, mbuzi. Nikazichapa, nikazibandika kwenye kadi bodi ya milimita mbili kwa gundi nyeupe ya maji (ile ya kunukia kali usiisogeze kwa mtoto), nikapiga lamineshoni, nikakata pembe zote ziwe mviringo zisimchome jicho. Kurasa sita, neno moja kila ukurasa. Vifaa vilinigharimu 9,000. Asiye na karakana aende steshenari yoyote wanayolamineti vitambulisho, atoboe matundu mawili, apitishe utepe. Kitakuwa kitabu.

Aika alikitafuna tangu asubuhi ya mkesha mpaka jioni. Kilipona. Pembe ya jogoo imelainika kidogo, basi.

Glory wa miaka minne anasomewa, na hapa ndipo watu wengi tunakosea: tunamtazama mtoto na kumsahau msomaji. Kule Marangu anayemsomea ni mama yangu. Mama ana miaka 74. Kusoma alijifunzia kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, yale yaliyoshika kasi baada ya Mwalimu kutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, na aliingia darasani dada yetu mkubwa akiwa mgongoni. Anasoma vizuri, kwa sauti, kidole kikifuata mstari, miwani ikiteleza puani. Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta ni herufi kubwa, nyeusi, kwenye karatasi nyeupe. Vitabu vingi vizuri nilivirudisha kwa sababu maneno yamechapwa juu ya picha ya usiku, maandishi ya njano kwenye bluu. Kwa mbunifu ni mapambo, kwa bibi ni mateso. Kimoja rangi zilikuwa zimepishana kabisa, sungura ana masikio manne. Nikachukua cha fisi na sungura, kurasa 24, pini, shilingi 6,000, mstari mmoja au miwili kila ukurasa.

Usiku wa kwanza kilisomwa mara nne. Usiku wa tatu mama alichoka, akajaribu kupunguza. "Bibi, umeruka fisi alipoanguka kisimani!" Glory hajui hata irabu, lakini alijua ukurasa ulipotakiwa kuwa. Mama akanitazama kama niliyemletea deni.

Brayson, yule wa tiara, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mama yake aliniomba niongeze vya Kiingereza "asisahau likizo". Nilimsikiliza mtoto akisoma kimoja cha shuleni: anatiririka kama redio, halafu ukimuuliza yule mbweha alitaka nini, kimya. Kiswahili anakiongea siku nzima lakini akikutana na "ng'ombe" kwenye karatasi anasita kama amekuta nyoka. Nikampinga dada kwa heshima, nikamletea Hekaya za Abunuwasi. Umri huu visa vifupi vinaokoa. Mtoto hachoki kabla mwisho haujafika, na mwisho una kicheko ndani yake. Abunuwasi mwenyewe ametoka mbali, jina ni la mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, ila kwetu amekuwa mswahili mjanja wa mtaani na hakuna anayemuuliza pasipoti.

Tulisoma kwa zamu, yeye sentensi moja, mimi moja. Kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, tulikimaliza baada ya dakika 20 za kusota, na alipofika pale jirani anapoambiwa sufuria yake imefariki alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kesho yake bibi akamuuliza ndala zake ziko wapi. "Zimefariki, bibi." Kwa hilo tu kitabu kimerudisha hela yake. Kasoro ninayo: nakala niliyonunua imebanana, mistari imesongana kama abiria wa mwendokasi jioni, na haina picha za kutosha kwa mtoto wa umri huo. Mzazi asikikabidhi na kuondoka. Kikae baina ya watu wawili.

Ndeshi hana tatizo la kusoma, tatizo lake ni kumaliza. Kitabu cha siku moja kwake ni dharau. Nilimchukulia Alfu Lela Ulela ya Kiswahili, hadithi ndani ya hadithi, kwa hiyo hakuna mahali pazuri pa kukifunga, na taa zimezimwa mara mbili kwa amri ya baba yake. Kiswahili chake ni kile cha kale cha pwani, kipana, kina maneno ambayo mtoto wa Marangu hajawahi kuyasikia. Sikuona ubaya. Aliyaandika nyuma ya daftari, akawa anatuuliza wakubwa mezani, na aibu ilitupata sisi. Tahadhari moja kwa wazazi: kinachozianzisha hadithi zote hizi ni mfalme anayeua wake zake. Nilisoma kwanza mwenyewe, nikamweleza dada, akakubali. Kwa miaka saba au minane nisingempa.

Kule Kariakoo karibu niuziwe nakala ya wizi ya kitabu kingine, tena kwa nusu bei. Anayetaka kuijua atazame wino: mweusi umekuwa kijivu, pambizo zimepinda, picha zina ukungu wa fotokopi. Na jambo lingine, jamani, msimpe mtoto kitabu cha kiada kama zawadi ya Krismasi. Kitabu cha hesabu kikifungwa kwa karatasi ya maua kinabaki kitabu cha hesabu.

Elia, 14, alipokea kifurushi chake akakipima kwa mkono. "Baba mdogo, nilidhani ni simu." Kilikuwa Ngome ya Mianzi cha Mulokozi, hadithi ya vijana katika vita vya Wahehe na Wajerumani. Nilikipata kwa mzee wa mtumba, kikiwa kimekatika mgongo, kwa 4,000. Alitaka 10,000. Nikamwonyesha mgongo, akasema, "Sasa wewe fundi unataka nini kwangu?" tukacheka, akashusha. Usiku karakanani nilikishona upya kwa uzi wa nta, nikakivika kitambaa cha bluu. Kwa macho yangu ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote vitano, na ndicho kilicholala juu ya kabati siku sita bila kuguswa.

Siku ya saba umeme ulikatika, chaji ya simu ya baba yake ikaisha, akakishusha. Kesho yake mchana aliniuliza kama ni kweli Wajerumani walipigwa pale Lugalo. Nikamwambia ndiyo, Agosti 1891, na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hawakumpata akiwa hai. Akaniuliza, "Na sisi?" Nikamwambia habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, Wajerumani walivyomnyonga mwaka 1900, na kwamba mahali penyewe ni Old Moshi, hapo jirani tu. Tulikwenda tarehe 3 Januari, kwa daladala, yeye amebeba kitabu kwenye mfuko wa koti. Alisimama kwenye ule mti aliponyongewa Meli muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuniuliza kitu. Kwenye gari wakati wa kurudi alisoma, ingawa barabara ilikuwa inaturusha.

Jumla ya hela sitaiandika, mke wangu anasoma mambo haya. Niseme tu kwamba vyote vitano, pamoja na vifaa vya Aika, havikufika bei ya viwili kule kwenye nailoni.

Kimerudi kwangu kimoja tu kwa matengenezo. Si cha Brayson, chake kizima. Ni cha Aika. Yule mbuzi wa kwenye picha ndiye aliyechinjwa tarehe 25, nasi wakubwa hatukufikiria kitu. Lakini mtoto kila akifika ukurasa ule anasema "mee", anageuka kutazama bandani, anarudi kwenye kitabu, anausugua kwa viganja viwili mpaka lamineshoni imeanza kuachia pembeni. Dada amekituma kwa basi jana, na ujumbe mfupi: nirekebishe haraka, na mama amesema mbuzi mwingine ameshanunuliwa, picha yake ninatumiwa leo jioni.