Kozi ya kuandika hotuba za msiba: wiki ya 3 tamu, wiki ya 4 wamenichefua

Wadau nimemaliza ile kozi ya mtandaoni ya kuandika hotuba (jina nahifadhi, wenyewe wakisoma watajijua). Wiki 4, elfu 80 unalipa yote mwanzo, vipindi ni Zoom jumanne na alhamisi usiku, mazoezi yanakuja WhatsApp. Mi ni MC wa harusi na misiba huku Morogoro, na nlijiunga kwa ajili ya wiki ya 3 tu, hotuba za viongozi nchi ikifiwa, maana harusini sina shida ila msibani huwa nakwama.

Na hiyo wiki ya 3 jamani nawapa maua yao. Mkufunzi alianza na Nyerere anatangaza kifo cha Sokoine, Aprili 1984. Tumeisikia redioni tangu watoto lakini sijawahi kuisikiliza vile, aliisimamisha pale kwenye "ndugu yetu, kijana wetu na mwenzetu" akatuuliza, cheo kiko wapi? Aliyekufa ni Waziri Mkuu, ila mzee katanguliza undugu ndo likaja jina, yaani kabla hujajua nani kafa ushaambiwa ni wa kwenu. Nikarudia ile klipu mpaka bando likakata.

Akaja Uhuru Kenyatta, rais wa Kenya wakati huo, baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, anawaambia Wakenya na yeye kafiwa, mpwa wake na mchumba wa huyo mpwa wameuawa mle ndani. Inauma kweli. Lakini we fikiria, mtu akishasema hivyo nani ana ubavu wa kumuuliza ulinzi ulikuwa wapi? Nlikuwa sijawahi kuona kwamba neno moja linaweza kufariji na kuziba watu mdomo kwa mpigo. Jacinda Ardern, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand, alipita haraka haraka, 2019 baada ya misikiti kushambuliwa, kafungua hotuba yake bungeni kwa salamu ya Kiislamu na kugoma kulitaja jina la muuaji, hapo nlitaka tukae zaidi ila muda ukaisha.

Kilichonikaa ni kile cha "ajali imetokea". Mkufunzi anasema kila ukisikia hivyo jiulize nani kafanya. Meli imezama, moto umezuka, watu wamepoteza maisha, hakuna mtenda! Af inamaliziwa na kazi ya Mungu haina makosa na tume ya uchunguzi itaundwa. Tukachukua MV Nyerere, Septemba 2018 kule Ukara, kivuko cha watu 100 hivi na waliokufa wakazidi 220. Magufuli hakuishia kwenye mapenzi ya Mungu, aliagiza wahusika wakamatwe, na darasa zima tukapiga makofi. Mkufunzi akatuacha tumalize ndo akauliza, mkishapata wa kumkasirikia, mna hamu tena ya kuuliza kivuko kilikuwa kinajazwa hivyo tangu lini? Kimyaaa. Mpaka leo sijui nimjibu nini.

Sasa wiki ya 4. Sauti inakatika, mkufunzi hayupo, kaja kijana mwingine hata kujitambulisha hakuna, anatutumia fomu ya kujaza, "Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za vifo vya watu ____ vilivyotokea ____". Nafasi wazi kabisa kama risiti ya duka! Yaani wiki nzima tumefundishwa kwamba maneno ya namna hiyo hayamfikii mfiwa, af hayo hayo ndo tunauziwa. Na cheti mpaka uongeze elfu 15, hiyo haikuwepo kwenye tangazo.

Nyota 3 kati ya 5, zote za mkufunzi. Kama wanaruhusu kulipia wiki moja chukua ya 3 uishie hapo.

Nimeomba wanirudishie hata nusu. Jibu limekuja baada ya siku 9: "Ndugu mteja, tumepokea malalamiko yako kwa masikitiko makubwa." Hela sijaiona.