Unga wa maganda ya machungwa wa shilingi 8,000: nimeupima hapa Arusha

Kikopo chenyewe ni hiki. Gramu 100, shilingi 8,000, duka la dawa za asili hapa mjini, jina naliacha. Kibandiko kinasema "antioksidanti asilia", yaani viambato vinavyozuia oksijeni isiharibu seli, kisha kinataja presha, kisukari, ngozi na nguvu za kiume. Hilo la mwisho naliruka, maana siku hizi hata sabuni ya mche itatibu nguvu za kiume.

Ngoja nifungue muone rangi. Kijani, sivyo? Sasa nenda Soko la Kilombero, simama kwa kijana wa machungwa. Kisu kinazunguka, ganda linatoka jembamba kama utepe, ile nyama nyeupe inabaki kwenye chungwa ili ufyonze bila kulowa mikono. Na machungwa yetu ya Muheza hubaki kijani hata yakiiva, kwa ajili ya joto. Nashuku unga huu umetoka kwenye hizo tepe. Hapo ndipo ninapogombana nao: hesperidini, polifenoli kuu ya chungwa (polifenoli ni kundi la antioksidanti za mimea), imejaa zaidi kwenye ile nyeupe. Tepe ya kijani ina mafuta ya harufu, ndiyo maana kopo linanukia hivi.

Mimi nilikausha maganda mazima kivulini, siku saba, maana jua la Julai Arusha mnalijua. Nikasaga kwa blenda. Glasi tatu, kijiko kimoja kimoja: unga wa dukani kwa maji ya moto, wangu kwa maji ya moto, wangu tena kwa Konyagi. Nikaacha saa moja, nikachuja kwa kitambaa. Kila mchujo nikachukua kijiko, nikaongeza maji, na maji kidogo ya mchele uliochemka kwa ajili ya wanga.

Halafu iodini, ile ya vidonda, tone kwa tone. Antioksidanti zinaimeza; zikiisha, iodini inakamata wanga na glasi inageuka bluu. Anayekula matone mengi ndiye mwenye mali. Wa dukani: 6. Wangu wa maji: 11. Wa Konyagi: 15.

Kwa nini Konyagi? Hesperidini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na pombe ikichanganywa na maji hutoa polifenoli nyingi kuliko maji matupu. Konyagi ni pombe asilimia 35, imeshachanganywa na maji tayari. (Mama mwenye nyumba alinikuta nayo saa tatu asubuhi. Nilieleza sana. Hakuniamini.) Spiriti ya kusafishia au ya kuwashia jiko usiiguse kwa kazi hii, inaweza kuwa na methanoli, inapofusha na kuua.

Niseme pia, iodini haichagui. Vitamini C nayo inaila, kwa hiyo matone hayasemi ni hesperidini kiasi gani. Maabara hutumia DPPH, kemikali ya zambarau inayofifia kuwa njano ikikutana na antioksidanti, na hata hiyo inapima kilichomo kwenye glasi, haipimi presha yako. Mwenye dawa za presha aendelee nazo.

Ukitengeneza mwenyewe, sugua chungwa kabla ya kumenya, dawa ya wadudu hukaa kwenye ganda. Unga wa dukani nautia kwenye keki, kwa harufu uko vizuri. Kwa antioksidanti, elfu nane yangu sirudishi pale.

Mchujo wa Konyagi nimeufunika kabatini. Wiki mbili zikipita nitaudondoshea iodini tena, kama mama mwenye nyumba atakuwa hajaumwaga.