Kompyuta Inaganda, Fundi Anasema ni Nzima: Uzoefu Wangu na Waranti

Kompyuta yangu mpakato ilianza kuganda ikiwa na miezi saba. Waranti yake ni ya miaka miwili, kwa hiyo sikushtuka sana: nitaipeleka, watatengeneza, basi. Ikanichukua wiki tisa na safari mbili. Jina la kampuni silitaji.

Dalili zilikuwa hivi. Nikiwa katikati ya kazi, kioo kinabaki kilivyo, mshale hausogei, na kama kuna sauti inacheza inanasa pale pale ikinguruma mpaka nishikilie kitufe cha kuzimia. Mara nyingine ilijizima na kujiwasha yenyewe. Kuna siku ilifanya hivyo mara tatu kabla ya mchana, kisha ikatulia siku nne kama vile si yenyewe.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Nikasomewa orodha: sasisha Windows, sasisha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta), ikishindikana futa kila kitu uweke Windows upya. Nilifanya yote kwa utii. Jioni nzima ikaishia hapo, na kesho yake kompyuta ikaganda nikiwa bado narudisha mafaili yangu.

Nikaenda kuchungulia kumbukumbu za matukio ndani ya Windows. Nikakuta tukio namba 41, Kernel-Power, limejipanga mstari baada ya mstari. Jina hilo huwadanganya wengi. Wakiona neno linalohusu umeme wanakimbilia kununua chaja mpya. Tukio hilo linachosema ni kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Nani aliyeizima, halisemi.

Kipimo kilichonifungua macho hakikunigharimu kitu. Niliweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye fleshi, nikaiwasha kompyuta kutokea humo bila kugusa diski ya ndani, nikafungua video na kuiacha icheze. Baada ya kama dakika arobaini ikaganda vile vile. Basi Windows ikatoka kwenye orodha ya washukiwa, na draiva zake zote nikaziacha. Diski nayo nilikuwa nimeshaikagua kwa programu ya kusoma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ambazo diski inajiwekea kuhusu afya yake, na haikuwa na kosa hata moja lililorekodiwa. Simuhukumu mtu wa simu, orodha ile hakuitunga yeye. Ila kipimo hiki kingekuwa cha kwanza kwenye orodha yao, ningeokoa jioni yangu.

Nikaipeleka kituo cha huduma. Ikakaa siku kumi na moja, ikarudi na karatasi yenye mstari mmoja: imepimwa, hakuna hitilafu iliyoonekana.

Niseme ukweli, siku hiyo nilikasirika. Baadaye nilipotulia nikaelewa kilichotokea. Fundi anaiwasha mashine ikiwa imepoa, anaendesha kipimo cha haraka kilichomo ndani yake, kila sehemu inapata alama ya kijani, anaifunga. Mashine yangu ilikuwa inaugua ikishapata moto tu. Tena mimi mwenyewe kwenye fomu niliandika "inaganda mara kwa mara." Mara kwa mara lini? Ikifanya nini? Ningekuwa mimi ndiye fundi nisingejua pa kuanzia.

Usiku ule nikaweka MemTest86 kwenye fleshi. Ni programu inayojiwasha yenyewe bila Windows, inaandika tarakimu kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa inafanya kazi) kisha inazisoma kuona kama zimebaki zilivyoandikwa. Toleo la bure linazunguka mara nne tu, lakini kwa RAM ya GB 16 mizunguko minne ni saa kadhaa, kwa hiyo nikaiacha nikalala. Mzunguko wa kwanza ulipita safi. Ningeikatiza hapo, ningeungana na fundi kusema mashine ni nzima. Asubuhi nikakuta mistari ya makosa: anwani, tarakimu iliyotarajiwa, na pembeni yake tarakimu iliyosomwa, zikitofautiana. Nikapiga picha kabla hata ya kunawa uso.

Kufikia hapo wengi wangesema RAM mbovu, badilisha. Mimi nina vipande viwili vya RAM na matundu mawili, na kosa linaweza kuwa upande wowote. Kabla ya kufungua mfuniko niliwaandikia baruapepe kuuliza kama nikifungua nitapoteza waranti. Wakajibu kwamba RAM ni kati ya vitu ambavyo mteja anaruhusiwa kubadilisha mwenyewe, mradi asivunje kitu. Jibu hilo nililihifadhi kama hati ya kiwanja.

Nikazima kabisa, nikachomoa chaja, nikachomoa na waya wa betri kutoka kwenye madabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, ndipo nikagusa. Kipande cha kwanza tundu la kwanza: safi usiku mzima. Kipande cha pili tundu lile lile: safi. Nikahamia tundu la pili. Kipande cha kwanza, makosa. Kipande cha pili, makosa, nacho kilianza baada ya mzunguko wa kwanza. Usiku nne, kila usiku kipimo kimoja. Vipande vyote viwili vilikuwa vizima. Ugonjwa ulikuwa unakaa tundu la pili, na yeyote atakayewekwa pale anaugua.

Kwa mtu mwenye waranti tofauti hii ni kubwa. Wangenitumia RAM mpya, ningeipachika kwenye tundu lile lile bovu na kurudi kwenye foleni. Na hata kama shida haikuwa tundu bali prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambayo siku hizi ndiyo inayoendesha mawasiliano na RAM, kwenye mashine yangu prosesa imechomelewa kwenye madabodi. Njia zote zilikuwa zinaishia kubadilisha madabodi.

Safari ya pili nilipeleka karatasi moja. Juu niliandika jinsi ya kuifanya igande: acha MemTest86 mizunguko miwili au zaidi, kipande chochote kikiwa tundu la pili, usipime ikiwa baridi. Chini nikaweka jedwali la zile usiku nne, picha, na video fupi ya sauti ikinasa. Binti wa mapokezi aliisoma yote, akaniuliza, "Kaka, wewe ni fundi?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba wameiona hitilafu na wanaagiza madabodi.

Ilipofika nyumbani na kuwashwa, ikanidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Hili nusura linilize. Diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, na nusu ya siri yake ilikuwa imetunzwa kwenye chipu ya madabodi ya zamani, iliyokwishaondoka. Bahati yangu ufunguo ulikuwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikausomea kwenye simu nikauandika tarakimu moja moja. Hakuna aliyenitahadharisha, si kwenye simu, si mapokezi, wala kwenye karatasi. Mtu asiyejua ufunguo wake uko wapi na asiye na nakala ya mafaili yake pengine angeamini kwamba wamemfutia kila kitu. Kwa hili nawakata nyota nzima.

Nyingine nimeikata kwa ile karatasi ya mstari mmoja. Wangeandika walipima nini na kwa muda gani, ningejua mapema kwamba walipima kidogo. Zinabaki tatu kati ya tano, na hizo ni zao kwa haki: sikulipa chochote, kipuri kilikuja ndani ya wiki mbili, na namba ya seriali waliiandika upya kwenye madabodi mpya, kwa hiyo waranti bado inanisoma kama kawaida.

Nimeendesha MemTest86 tena mara mbili, matundu yote yakiwa yamejaa, mizunguko minne minne. Safi. Ila kwenye mfuniko wa chini, kona ya kulia, skrubu moja haipo. Nimewaandikia.