Kamera iliyoahidi theluji ikashindwa na umande wa Kwale

Nimeahirisha kuandika maoni haya kwa majuma kadhaa nikitumaini kwamba hasira zitapoa, lakini kila nipitapo mbele ya duka lile la vifaa vya umeme hapa Mombasa, moyo hunichemka upya. Duka sitalitaja, wala aina ya kamera niliyoinunua humo, ile ya kufichwa msituni ijipigie picha yenyewe mnyama anapopita. Anayetaka kujua ukubwa wa picha zake au idadi ya betri atasoma kwenye boksi. Ninachotaka kueleza ni sentensi moja niliyoambiwa na muuzaji, na sababu ya kuniuma kiasi hicho.

Boksi lenyewe lina picha ya kulungu aliyesimama katika theluji iliyomfika magotini, na chini yake pameandikwa kwamba chombo hiki huvumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Picha ile ndiyo iliyonivuta. Kwa miaka mingi nimewastahi watu wanaoficha kamera msituni na kuziacha zimngoje mnyama, kama Mrusi Sergey Gorshkov, ambaye picha yake ya chui milia akiukumbatia mti ilishinda tuzo kubwa mwaka 2020 baada ya kazi ya zaidi ya miezi 11 katika Mashariki ya Mbali ya Urusi. Majira ya baridi huwasaidia sana wapigapicha wa huko, kwa maana kihisi cha kamera hizi hutambua tofauti ya joto kati ya mwili wa mnyama na vitu vilivyo nyuma yake, na kwenye theluji mwili wenye joto hujitokeza waziwazi. Kwetu wakati wa kaskazi, adhuhuri, ardhi yenyewe huwa na joto karibu na la mnyama, na kamera haioni kitu. Kwa hiyo nilisubiri kipupwe. Mwezi wa saba hivi, kusi ikiwa imeshika, nilivuka Likoni nikaenda Kwale kwa mjomba wangu, ambaye shamba lake haliko mbali na hifadhi ya Shimba Hills.

Kazi niliifanya kwa uangalifu. Niliifunga kamera kwenye mkorosho, kimo cha goti, ikielekea kijia cha wanyama kando ya kijito. Nikafyeka nyasi zilizokuwa mbele yake, kwa sababu nyasi zikipepea juani huidanganya ikapiga picha za bure. Nikamwomba mjomba awakataze watoto kupita pale. Kisha nikarudi mjini na kukaa karibu majuma matatu bila kwenda kuchungulia, ingawa nilitamani kila siku.

Niliporudi, kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani na matone yalikuwa yametanda juu ya betri. Saa ya kamera ilikuwa imejirudisha kwenye tarehe ya kwanza ya Januari. Nilipoukagua mpira wa kuziba mlango niliona kwamba haukufika kwenye kona. Palibaki mwanya wa upana wa ukucha. Baridi kali ya theluji huwa na hewa kavu, na mwanya kama ule huenda usidhuru kitu. Shimba Hills sivyo: upepo wa bahari hupanda vilima, asubuhi hufunikwa na ukungu, manyunyu huja na kupita, na hewa iliyomo ndani ya kamera inaponywea usiku huvuta unyevu wote huo.

Niliirudisha dukani na risiti yangu. Kijana aliyeniuzia hakuufungua hata mlango wake. Alisema, mbele ya wateja wengine: “Mamangu, kamera umeilaza nje wewe mwenyewe, sasa waniletea mimi maji?” Kamera ya kuwekwa msituni! Nilimwonyesha mpira uliopungua, nikamwonyesha na maneno ya boksi kuhusu mvua. Akacheka, akaniuliza nataka kumpiga picha mnyama gani Mombasa, paka wa Marikiti? Mwanamke wa umri wangu hajibizani na kijana dukani, nami nilitoka bila kumjibu, lakini sikulala vizuri siku ile. Mtu anayeuza chombo cha kumngojea mnyama na hajui kwamba mwendo usiofika nusu siku kutoka kaunta yake wako palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda, wasiopatikana mahali pengine popote nchini Kenya, angeuza masufuria. Nyota moja, na hiyo ni kwa kuwa haiwezekani kutoa sufuri.

Hata hivyo sina budi kusema kweli. Kabla ya maji kuingia kamera ilipiga picha tano safi, na mojawapo ni ya kanu, mnyama mdogo mfano wa paka, usiku, akiwa amebeba kitoto chake mdomoni, mkia wa pete umenyooka nyuma yake. Mjomba ameishi pale maisha yake yote. Aliishika simu yangu kwa muda mrefu, akasema, “Huyu ndiye anayenimalizia vifaranga,” kisha akanyamaza, kisha akasema, “Kumbe ana mtoto.” Tangu hapo banda la kuku amelizungushia wavu, na mtego wa kamba aliokuwa ameutega ameutoa. Chombo kilichofanya hivyo siwezi kukiita kibaya. Nikakipa nyota tatu moyoni mwangu.

Lakini picha zilizofuata ile ya kanu, zote, ni nyeupe tupu. Kanu huweza kuzaa watoto zaidi ya mmoja, na huenda alirudi kumchukua mwingine, akapita mbele ya kioo kilekile kilichojaa ukungu, kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho mtu kiwandani alikikata kifupi na mtu dukani akakataa kukitazama. Nyota tatu nimeziondoa.

Mwanya nimeuziba kwa gundi ya silikoni, nimetia ndani vijifuko vya kukausha unyevu nilivyovikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu, na kamera imerudi kwenye mkorosho uleule. Kadi nitaitoa kusi ikianza kulegea.