Dhamana ya madalali wa tipa, California: kinga ya kweli, ila ndogo

Kifungu cha 34510.5 cha sheria ya magari ya California kinamtaka dalali wa malori ya ujenzi, yaani anayewatafutia wenye malori kazi na kuwalipa, awe na dhamana ya angalau dola 15,000: ahadi ya kampuni ya bima kuwalipa wenye malori asipowalipa yeye. Kwa mwenye tipa moja, inafaa sana. Mpelekee dalali ankara na tiketi za mzigo (karatasi za kuthibitisha kila mzigo uliofikishwa) kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Dalali anatakiwa akulipe kufikia tarehe 25 ya mwezi huohuo. Tiketi isiyosainiwa na mpokeaji huzua ubishi, fedha zikakwama. Udhaifu mkubwa ni kiasi: tipa kumi zikidai dola 3,000 kila moja, dhamana inafikia nusu ya deni tu. Inastahili kuongezwa. Kabla ya kupakia kokoto, dai nakala ya dhamana, kisha uliza kampuni iliyoitoa kama dhamana hiyo bado ni hai.