Oveni ya jua: sanduku la bati au la plaiwudi?

Dukani, la bati ndilo linalovutia: kingo zimenyooka na mvua hailitishi. Kasoro yake hujificha ndani. Bati hupitisha joto upesi, hivyo trei nyeusi ya ndani, inayopokea joto la jua, ikigusana na ganda la nje, hata kwa skrubu chache tu, joto linavuja. Liache juani saa moja likiwa tupu, kisha gusa ubavu ulio kivulini. Ukiwa wa moto, trei haikutengwa na ganda kwa vipande vya mbao.

Plaiwudi yenyewe huzuia joto. Adui yake ni mvuke wa sufuria: huingia kwenye maungio, ubao unapinda, kifuniko hakikai tena. Kingo zisizopakwa vanishi ni sababu tosha ya kuliacha.

Kwa yote mawili, bana karatasi kwenye kifuniko na uivute, kila upande. Ikitoka bila kukaza, hewa moto nayo itatoka. Kwenye kifuniko, vioo viwili vyenye nafasi ya sentimita 1 hadi 2 katikati hushinda kimoja. Uliza pia kilichojazwa kutani: pamba ya kioo ya sentimita 5 inafaa, ila stairofomu, lile povu jeupe jepesi la plastiki, hulainika karibu na nyuzi 100, na oveni nzuri hufika 120 na zaidi.

Dodoma kwenye ukavu, chukua plaiwudi. Tanga au Mombasa, chumvi ya bahari hula bati la chuma. Tafuta ganda la alumini, au plaiwudi utakayoipaka vanishi upya mara kwa mara.