Valvu za kupitisha pigi: zipi za kununua, zipi za kuacha

Muuzaji akikuambia "hii ni valvu ya inchi 12, bomba lako ni la inchi 12, itaingia tu", usitoe hela bado. Kinachokaa sawa ni flanji, yaani zile pete za mwishoni zinazofungwa kwa bolti. Pigi hapiti kwenye flanji, anapita kwenye tundu.

Kwa asiyemfahamu: pigi ni chombo kinachosukumwa na mafuta, gesi au maji yenyewe ndani ya bomba, kikikwangua nta, kutu na mchanga njia nzima. Jina limetoka kwenye neno la Kiingereza la nguruwe, na mafundi wameshalizoea. Vikombe vyake vya plastiki laini hubana ukuta wa bomba pande zote, na ndivyo anavyopata msukumo. Akifika mahali penye mwanya, msukumo unampita pembeni, naye anabaki palepale.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tundu, kwa milimita. Bomba la inchi 12 lina kipenyo cha nje cha milimita 323.9, ukuta ukiwa wa milimita 9.5, ndani unabaki na takriban 305. Kiwango cha API 6D cha taasisi ya mafuta ya Marekani, kinachotumika sana kwa valvu za mabomba makuu, kinataka valvu ya tundu kamili (tundu lililo karibu sawa na ndani ya bomba) ya inchi 12 isipungue milimita 303 kwa madaraja ya kawaida ya shinikizo. Tofauti hiyo vikombe vinaimeza. Ile ya tundu dogo yenye flanji zilezile huwa na tundu la inchi 10, yaani kama milimita 252, na hapo pigi wako anagota. Tena angalia daraja la shinikizo: kwenye daraja la 1500 na la 2500 tundu la chini linaloruhusiwa hupungua, kwa hiyo maneno "tundu kamili" peke yake hayatoshi kwenye oda. Andika namba.

Ya kwanza kwangu: valvu ya tufe yenye tundu kamili, tufe likiwa limeshikwa na ekseli juu na chini. Ikiwa wazi, ni kipande cha bomba tu. Inafunguka kwa robo mzunguko, haichukui nafasi kubwa kwenda juu, na nyingi hukuruhusu kutoa shinikizo lililonaswa katikati ili kuhakikisha siti zote mbili, yaani pete zinazobana tufe pande mbili, zinaziba. Udhaifu wake ni pale inapofunguka "karibu yote". Ikikosa nyuzi 5 tu, kwenye ukubwa huo wa inchi 12 ukingo wa tufe huchungulia ndani ya njia kwa zaidi ya sentimita moja. Pigi aliyepita hapo utamjua akitoka: kikombe kimekatwa kama mwezi mchanga. Mara nyingi kosa si la valvu, ni la stopa (vizuizi vya mwisho wa mzunguko) za mota inayoizungusha valvu, zilizofungwa vibaya, kwa hiyo dai zirekebishwe na kujaribiwa kiwandani mbele ya mtu wako. Kwenye mchanga mwingi, chagua siti za chuma badala ya siti laini.

Ya pili: geti valvu, yaani ile inayofunga kwa bamba linaloteremka na kupanda, yenye bamba lililotobolewa. Bamba lina tundu la duara. Likiwa wazi, tundu hilo hukaa sawasawa na bomba na pigi haoni mwanya wowote wa maana. Kwa mafuta machafu, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza. Tatizo ni urefu, kwa sababu bamba lazima lipate pa kwenda, juu na chini. Pima shimo au chumba chako kabla ya kuagiza. Usiichanganye na geti valvu ya kabari ya kawaida: ile huacha pengo kati ya siti zake, na pengo hilo hujaa uchafu na kumnyima pigi mfupi msukumo.

Valvu ya njia moja unainunua pale tu unapolazimika. Chukua ya kifuniko kinachobembea, tundu kamili, na yenye mpini wa kukifunga kifuniko juu wakati wa kusafisha. Tumbo lake ni pana, kwa hiyo mwombe muuzaji urefu wa tumbo hilo kisha ulinganishe na umbali kati ya kikombe cha mbele na cha nyuma cha pigi wako. Tumbo likizidi, badilisha pigi au badilisha valvu.

Kwa mabomba membamba kuna pia valvu ya tufe ambayo pigi huwekwa ndani ya tufe lenyewe na kurushwa kutoka humo, bila pipa la kurushia, yaani kile chumba kirefu cha mwanzo wa bomba anamoingizwa pigi. Inaokoa nafasi nyingi, ila humeza pigi wafupi tu.

Valvu za kipepeo na za globu hazina mjadala: ziache. Ya kipepeo ina bamba katikati ya njia hata ikiwa wazi, na ya globu ina kona ndani.

Na kama bomba ni la zamani, kabla ya kununua chochote pitisha kwanza pigi laini wa sponji, kisha mwenye bamba la alumini lenye kipenyo kama asilimia 95 ya ndani ya bomba. Bamba likirudi limepinda, huenda kikwazo ni valvu nyingine iliyofungwa zamani, wala si hii unayotaka kubadilisha.